Ufunguo Uliobeba Sauti ya Gumato

Kabla watu wa Biliqo hawajaanza kumkabidhi sauti zao, Kabale Guracha alikuwa muuza maziwa ya ngamia mjini Isiolo. Aliianza kazi hiyo mwaka ambao ng'ombe wa baba yake waliisha kwa kiangazi, zikabaki kamba na kengele, na jamaa nzima ikahamia mtaa wa Chechelesi hapo mjini na mikeka, sufuria, na ile aibu ya watu waliozoea kuwa na kitu. Alikuwa amemaliza kidato cha nne. Cheti chake kilikaa chini ya godoro mpaka panya wakakila pembeni, naye akashika mtungi.

Kazi ya maziwa ina adabu yake. Mtungi hufukizwa kwa moshi kabla ya kutiwa maziwa, na kila mwanamke ana kitambaa chake, anachokifunga kwenye mkono wa mtungi kabla haujapakiwa kwenda Nairobi. Cha Kabale kilikuwa chekundu, chenye mafundo mawili. Mpokeaji wa Eastleigh akishusha mzigo alipiga simu kwanza: "Nyekundu, mafundo mawili?" Akijibiwa ndiyo, ndipo anafungua. Kitambaa kisipolingana hafungui, kwa maana huenda mtungi umebadilishwa njiani au umeongezwa maji. Kisha mtungi unarudi Isiolo mtupu, na kitambaa kile kile mkononi.

Kwa hiyo watu walimjua Kabale kama mwanamke ambaye kitu chake hakibadilishwi njiani. Nadhani hilo ndilo lililowafanya wazee wamfikirie yeye awe mtunza ushuhuda wao siku kisima kilipozungushiwa seng'enge.

Kisima chenyewe kiko nje kidogo ya Biliqo, kirefu, cha kuteremkwa kwa ngazi za udongo. Kila mtu aliyezaliwa upande ule amekunywa maji yake. Kisha tajiri mmoja, mwenye magari ya mifugo na marafiki mjini, akaja na vijana na nguzo za chuma, akasema baba yake ndiye aliyekichimba, na anayetaka kunywesha aombe ruhusa kwake. Wafugaji walilalamika. Ikaundwa kamati ya usuluhishi ya watu watano, ikasema itaitisha kikao mjini Isiolo na kusikiliza mashahidi.

Hapo ndipo hofu ilipoingia. Kijana mmoja aliyekuwa akirekodi maneno ya wazee kwa simu yake alisubiriwa njiani, akapigwa, simu ikachukuliwa. Waliompiga walitaka kujua nani amesema nini. Hawakupata kitu. Kila rekodi ilikuwa imesimbwa, yaani imegeuzwa kuwa fujo isiyosomeka, na ile ya awali ikafutwa pale pale. Fujo hiyo ingeweza kurudi kuwa sauti ya mtu mahali pamoja tu duniani, ndani ya laptopu kuukuu ya Kabale, nyumbani kwake Chechelesi.

Aliyempangia hayo alikuwa Gacheri, fundi wa kompyuta mwenye duka nyuma ya soko, mwanamke wa Kimeru mwenye kucheka kwa sauti. Alimfundisha kwa maneno mepesi, akimwita kwa jina la binti yake.

"Mama Batula, una vitu viwili. Cha kwanza ni kufuli. Hiyo gawa kama njugu. Kila kijana wako wa Biliqo awe nayo kwa simu, akirekodi anaibana, tak! Imefunga. Hata yeye mwenyewe hawezi kufungua tena."

"Na cha pili?"

"Cha pili ni ufunguo wa siri. Huo hugawi. Hata kwangu. Hata kwa mzee wako akikununulia gari."

"Abdiwahid wangu aninunulie gari?" Kabale alisema. "Huo ufunguo basi uko salama kabisa."

Rekodi zilikuja, zikajaa. Kati ya hizo, moja ilizidi zote kwa uzito. Ilikuwa ya Gumato, mwanamke mzee kuliko wote pale Biliqo, aliyekuwa msichana wakati kisima kinachimbwa. Alizungumza akiwa amelala ubavu kwenye ngozi, pumzi ikikatika, na kijana akarekodi, akafunga kwa kufuli ya Kabale, akatuma. Kabla mvua haijanyesha Gumato akafa. Kila aliyekuwa na macho siku ile ya uchimbaji sasa yuko chini ya ardhi, na ushuhuda wa mwisho ulikuwa umelala ndani ya faili ambalo mtu mmoja tu angeweza kulifungua.

Ndipo laptopu ikaanza kufa.

Kwanza ilikataa kuwaka bila umeme. Kisha ikawaka na kuzima yenyewe, kama mgonjwa anayefumbua macho, anatazama waliomzunguka, anafumba. Kikao kilikuwa Alhamisi ya juma lililofuata. Kabale alikuwa na laptopu nyingine, nzuri, aliyonunuliwa na bintiye Batula, na rekodi zote zilikuwa tayari zimenakiliwa humo. Kuzinakili haikuwa kazi. Kilichobaki ni kuhamisha ufunguo. Gacheri alikuwa amemsihi siku nyingi aweke nakala ya akiba, naye alisema kesho, na kesho ikawa inasogea mbele kama mbuzi asiyetaka kukamatwa.

Habari ya laptopu kuugua ilimfikia Mzee Gollo, mwenyekiti wa wazee wa Biliqo na mjomba wa Kabale, ndugu wa mama yake, ambaye yeye humwita abuya. Alikuja mwenyewe mpaka mlangoni, fimbo mkononi.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam, abuya. Karibu, karibu ndani."

Hakukaa. "Intala," alisema. Humwita hivyo, msichana, ijapokuwa Kabale ana binti aliyeolewa. "Nimesikia hicho chombo chako kinakata roho. Huo ufunguo wako, si ni kitu cha simu? Nitumie kwa WhatsApp. Nitauweka mimi, na nitampa yule wakili wetu naye auweke. Ukipotea kwako, uko kwangu. Ukipotea kwangu, uko kwake."

"Siwezi, abuya."

"Huwezi, au hutaki?"

"Sitaki," Kabale alisema kwa upole.

Kwa watu hawa simu si mali ya mtu mmoja. Hupita mkono hadi mkono, mjukuu anapiga picha, jirani anaomba kumpigia mkewe, na namba ya siri inatajwa kwa sauti mbele ya wote. Kumnyima mjomba kitu kinachotumwa kwa kubonyeza mara moja ni kama kumfungia mlango mvua ikinyesha.

"Mimi nilikubeba mgongoni ukiwa na surua," alisema Gollo. "Kutoka Korbesa mpaka zahanati. Ulinitapikia shingoni. Leo mimi ndiye mwizi?"

"Wewe si mwizi, abuya. Lakini simu yako inachezewa na wajukuu wangapi? Na wakili ana karani, na karani ana rafiki. Ndani ya rekodi hizo kuna watu walio hai, wametaja majina. Yule kijana walimvunja mkono wakitafuta hicho hicho unachotaka nikutumie."

"Na ikizima kabisa? Gumato atafufuka aje aseme tena?"

Hilo lilimchoma, kwa sababu ndilo lililokuwa likimnyima usingizi. Mzee aligeuka akaondoka bila kunywa chai, na katika nyumba ya Kiborana mjomba kuondoka bila kunywa chai ni jambo linaloweza kuzungumzwa kwa miaka.

Asubuhi iliyofuata Kabale alifunga mlango, akazima intaneti kwenye laptopu zote mbili kama alivyofundishwa, akaziweka kando kwa kando mezani. Ile kuukuu iliwaka. Akachomeka flashi. Akatafuta jina lake kwenye orodha ya funguo, akabonyeza palipoandikwa kutoa nje, na faili dogo likaingia kwenye flashi kwa urahisi wa ajabu. Akalipeleka kwenye laptopu mpya. Jina lake likatokea pale, Kabale Guracha, na chini ya jina ile alama ndefu ya herufi na tarakimu ambayo Gacheri alimwambia haifanani na ya mtu mwingine yeyote.

Akaisoma kwa sauti, kidole kwenye kioo kimoja, macho kwenye kingine, akavuta pumzi kila kipande kilipolingana. Yote ililingana. Akampigia Gollo.

"Abuya, umehama. Uko salama."

"Alhamdulillahi," mzee alisema kwa baridi, akakata.

Alikuwa karibu kuifuta ile kuukuu yote, amalize jambo. Kilichomzuia ni sauti ya Gacheri kichwani mwake: usifute kitu mpaka umefungua rekodi moja, ukasikia mtu anaongea. Akachagua faili la Gumato. Akabonyeza.

Laptopu mpya ikamjibu kwa mstari mmoja kwamba haina ufunguo wa siri wa kufungulia faili hilo.

Akabonyeza tena. Jibu likawa lile lile. Akageukia laptopu kuukuu, na kioo chake kilikuwa cheusi. Akashika waya wa chaji, akauchomoa, akauchomeka, akaubana kwa kidole, akausukuma upande. Hata taa ndogo haikuwaka. Alikaa palepale, na nje mbuzi wa jirani alikuwa akilia, na kila kitu kilionekana kwenda mbali naye taratibu: kisima, sauti, majina ya waliochimba, uso wa mjomba wake.

Kisha akainuka. Akaifunga laptopu kwenye leso, akaweka na ile mpya ndani ya kikapu, akapanda bodaboda mpaka nyuma ya soko.

Gacheri alikuwa akila viazi. Alipoona uso wa Kabale akaweka sahani chini.

"Ai! Nani amekufa?"

"Bado hajafa. Lakini nadhani nimemuua."

Akamweleza. Gacheri alisikiliza akipangusa mikono, kisha akauliza swali moja. "Ulipokuwa unatoa ule ufunguo, kompyuta ilikuuliza nenosiri?"

"Haikuuliza."

"Basi hujatoa ufunguo, Mama Batula. Umetoa kufuli. Ile ya kugawa. Ufunguo wa siri hauwezi kutoka bila kukuuliza nenosiri."

"Lakini alama ililingana! Nilisoma yote, kipande kwa kipande."

"Lazima ilingane. Kufuli na ufunguo ni vya mwenyewe mmoja. Alama yao ni moja."

Mabega ya Kabale yakaanza kutikisika, na Gacheri akadhani analia, mpaka alipoona meno.

"Wallahi," Kabale alisema, akijishika kifua, "miaka yote ile ya maziwa! Nimekagua kitambaa, nikasahau kuinua mtungi!"

Ilibidi amweleze Gacheri habari ya vitambaa, jinsi mtungi unavyoenda umejaa na kurudi mtupu na alama ile ile, na jinsi hata mtoto anajua kwamba ukishalinganisha kitambaa unanyanyua mtungi usikie uzito. Gacheri alicheka mpaka muuza viatu wa jirani akachungulia. Na katika kucheka huko hofu ikapungua, ikawa kitu kinachoweza kushughulikiwa kwa mikono.

Gacheri akaigeuza laptopu kuukuu, akafungua skrubu. Ndani kulikuwa na vumbi la Isiolo, jekundu na laini, limelala kila mahali kama unga. Akalipuliza. Akamulika.

"Tazama. Diski haina neno. Ni hii soketi ya chaji, imeachia. Umeme haufiki. Imetingishwa tu sana."

"Unaweza?"

"Naweza kulehemu. Siwezi kukuahidi itadumu. Ikiwaka, fanya haraka. Na wakati huu, ukiona haikuulizi nenosiri, simama."

Alikuwa na chuma cha moto mkononi, moshi mwembamba wa risasi ya kulehemu ukipanda, wakati kivuli kiliziba mlango. Mzee Gollo. Mtu alikuwa amemwambia kwamba Kabale ameonekana akipita sokoni amekumbatia kikapu kama mtoto mgonjwa.

"Kumbe haujahama," alisema.

"Haujahama, abuya. Nilikosea."

Alitarajia fimbo ya maneno. Mzee akaiangalia ile laptopu iliyopasuliwa tumbo, akawaangalia wanawake wawili walioiinamia, akavuta kigoda. "Endeleeni," alisema. "Mimi nimekaa."

Ikawaka. Gacheri akachomoa waya wa intaneti ya duka zima, na mteja aliyekuwa kwenye kona akalalamika. "Nenda ukanywe soda, nitalipa mimi," Gacheri akamwambia, akamsukuma nje na kufunga mlango. Kabale akatafuta jina lake, na safari hii hakubonyeza pale pa kwanza. Akashuka mpaka palipoandikwa kuhifadhi nakala ya ufunguo wa siri. Akabonyeza. Kisanduku kikafunguka, kikimtaka nenosiri.

"Imeuliza," alinong'ona.

"Basi mimi nageuka," Gacheri alisema, akageukia rafu ya nyaya.

Kabale akamtazama mjomba wake. "Abuya, na wewe."

"Mimi hata kusoma sijui vizuri!"

"Geuka, abuya."

Mwenyekiti wa wazee wa Biliqo, ambaye hajawahi kuamriwa kugeuka na mwanamke, akajizungusha kwenye kigoda akautazama ukuta, uso kwa uso na picha ya kalenda ya duka la mbegu. "Hii nyanya ni kubwa," alisema, na Gacheri akaziba mdomo.

Kabale aliandika. Nenosiri lake si neno moja. Ni sentensi ndefu isiyo na maana kwa mtu mwingine, na hajawahi kuitamka kwa sauti. Faili likaingia kwenye flashi. Akachomoa, akachomeka kwenye laptopu mpya, ikauliza nenosiri tena, akaandika tena. Alama ikalingana. Hakushangilia. Akachagua faili la Gumato, akabonyeza, akangoja.

Kulitokea kwanza mlio wa upepo kwenye simu. Kisha kikohozi. Kisha sauti ya mwanamke mzee sana, kwa Kiborana, ikisema jina lake, jina la baba yake, na mahali alipozaliwa.

Gollo aligeuka bila kuruhusiwa. Akavua kofia. Hakuna aliyemkataza. Kabale akasimamisha sauti ile.

"Iko na uzito," alisema.

Walimaliza kazi kwa utaratibu. Nakala ya akiba ikatengenezwa, ikafungwa kwa nenosiri jingine, ikaenda kukaa mahali ambapo hata Abdiwahid hapajui. Laptopu kuukuu ikafutwa mpaka ndani. Gacheri aliposema kwamba flashi iliyotumika njiani nayo isibaki, akachukua nyundo, mzee alinyoosha mkono.

"Hiyo kazi nipe mimi."

Akaipiga kwenye kizingiti cha duka mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Waliotoka Biliqo na Korbesa walikuja na lori la mifugo, wakaketi upande mmoja. Upande wa pili walikaa watu wa tajiri, na katikati yao baba yake mdogo, mzee aliyeletwa na kuvalishwa koti jipya ili aonekane. Wakili wao alisema kwa ufasaha kwamba kisima kilichimbwa na familia moja kwa vibarua wa kulipwa, na kwamba hakuna mtu hai awezaye kusema vinginevyo.

Rekodi za walio hai zilisikilizwa na wanakamati peke yao katika chumba cha nyuma, bila jina kutajwa ukumbini. Walipotoka nyuso zao zilikuwa zimebadilika. Kisha mwenyekiti wa kamati akamwita Kabale alete ile moja ambayo mwenyewe hawezi tena kudhuriwa na mtu.

Aliiweka laptopu mezani, akaunganisha spika. Gumato akazungumza. Alitaja waliochimba mmoja baada ya mwingine, na ukoo wa kila mmoja. Alimtaja aliyefukiwa na udongo na kutolewa akiwa maiti. Alisema malipo yalikuwa nyama na maziwa, na kila boma lilitoa. Alimtaja hata baba wa yule tajiri, bila chuki: naye alikuwamo, alikuwa kijana mwenye nguvu, alisimama ngazi ya chini kabisa ambapo maji ni baridi. Halafu pumzi ikamkatika, na alipoirudisha hakurudi kwenye maneno. Akaimba. Ulikuwa wimbo wa kupandisha maji, ule ambao watu waliosimama kisimani mmoja juu ya mwenzake huupokezana pamoja na ndoo, na ambao mwimbaji akiuanza huacha pengo ili walio juu waitike.

Pengo likaja. Ukumbi ulikuwa kimya.

Gollo akaitika. Sauti yake ilikuwa mbovu, ya mtu aliyeamka. Gumato akaendelea, akaacha pengo la pili, na sasa wazee wote wa Biliqo wakaitika, na wanawake, na vijana waliokuwa wamesimama mlangoni. Pengo la tatu lilipofika, kwenye upande wa pili, katikati ya watu wa tajiri, yule mzee wa koti jipya alikuwa amefumba macho na midomo yake inakwenda. Tajiri, mtoto wa kaka yake, alimvuta mkono. Mzee akautoa mkono wake, akaitika kwa nguvu, neno kwa neno, kwa sababu mwili uliowahi kupandisha maji pale hauwezi kuusikia wimbo ule na kunyamaza. Hapo hata wakili aliketi.

Kamati haikuchukua muda mrefu. Kisima ni cha wote waliokichimba na cha wazao wao wote. Seng'enge itoke.

Ilitoka Jumamosi. Kabale alikuwapo, amekunja gauni mpaka magotini, tope likimpanda. Nguzo za chuma zililazwa kando, waya ukakunjwa na vijana waliokuwa wakicheza zaidi ya kufanya kazi, na mmoja wao alikuwa na mkono kwenye bandeji na kicheko kikubwa kuliko wote. Ng'ombe walisikia harufu ya maji kutoka mbali, wakaanza kukimbia, vumbi likasimama nyuma yao kama ukuta. Mtu aliyekuwa chini kisimani akapaza sauti kwamba yuko tayari. Ndoo ya kwanza ikapanda mkono hadi mkono, ikamfikia Kabale, nzito, ikimwagika, baridi. Akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akaimimina kwenye hori.